Ndama wa Baba Mdogo

Majani ya maharage yakikanyagwa na kwato yana harufu yake. Si ile ya majani yaliyokatwa kwa panga, wala ya mashina makavu yanayong'olewa wakati wa mavuno. Ni harufu mbichi, chungu kidogo, inayokaa kooni muda mrefu. Msimu uliopita ng'ombe wa jirani waliingia kwenye kishamba changu hapa Masakta, nyuma ya nyumba ya walimu ninamoishi, na kabla sijaona hasara harufu ilinifikia dirishani. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Niliweka kalamu chini, nikatoka mbio bila viatu, mimi mwanamke mzima mwenye watoto watatu.

Jirani alikuja mwenyewe kuomba radhi, amemshika mwanawe mkono. Mtoto alikuwa ameinama, anaangalia vidole vyake vya miguu. Niliwaambia yameisha, waende tu. Jirani alishangaa nilivyosamehe upesi, akanishukuru mara tatu. Hakujua kwamba huyo mtoto wake nilikuwa simwoni hata kidogo. Nilikuwa najiona mimi, nikiwa na miaka tisa, darasa la tatu, kule Gitting.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa mlimani, mahali ambapo ukungu wa Hanang huteremka asubuhi ukakaa mpaka watoto wamefika shuleni. Hatua chache kutoka kwetu, ng'ambo ya mstari wa minyaa, ilikuwa nyumba ya baba mdogo Safari, mdogo wake baba, tumbo moja. Babu alipogawa shamba alimpa baba sehemu ya juu na baba mdogo sehemu ya chini, na chini ndiko kulikokuwa na chemchemi. Jambo hilo halikuzungumzwa kwetu, lakini hata mimi mtoto nilijua lipo, kwa sababu kila kiangazi baba alipoona kabeji za mdogo wake zimestawi alikuwa akikohoa bila kuwa na kikohozi.

Baba mdogo alikuwa mtu wa utani. Nikimpa shikamoo aliitikia kwa sauti nene kama ya mzee wa miaka themanini, "Marahabaa, mke wangu," halafu ananiuliza kama nimekuja kumpikia au kula tu. Nilimpenda kuliko nilivyompenda baba, ambaye alikuwa mkimya akiwa mzima, na akinywa alikuwa mtu mwingine ambaye hatukumzoea.

Jumamosi moja mama aliniachia ndama wetu wawili niwachunge pembeni mwa shamba. Maharage yalikuwa yametoa maua. Mimi nilikuwa na mchezo wangu: kipande cha dumu la njano, limepasuliwa katikati, unakalia na kuteleza juu ya nyasi mpaka chini. Nyasi zikiwa na umande unaruka kama ndege, na ukifika chini una kazi ya kupanda tena. Nilipanda na kuteleza, nikapanda na kuteleza, na ndama nao hawakuwa na sababu ya kunisubiri. Nilipokumbuka kugeuka walikuwa katikati ya maharage, wanakula kwa utulivu kama watu waliokaribishwa. Niliwatoa mbio, nikawarudisha kwenye majani yao. Nyuma yao mistari mitano ilikuwa imelala chini, na harufu ile ikapanda.

Mama alitokea akiwa na kuni kichwani. Alisimama, akaangalia shamba, akaniangalia.

"Ndama wa nani hawa walioingia?"

Nikasema, "Ndama wa baba mdogo."

Maneno manne. Wala sikuyapanga. Macho yangu yalikuwa yameelekea upande wa minyaa, na jibu likaja kutoka kule macho yalikokuwa. Mama alifyonza tu, akaendelea na kuni zake. Nilishukuru Mungu kwamba yamekwisha. Mtoto hudhani neno akishalisema limeondoka, kama mate aliyotema.

Baba alirudi mchana mkubwa kutoka kwa jirani aliyekuwa amealika watu kulima na kuwapikia pombe. Mama alimweleza habari ya maharage. Sidhani alikusudia vita. Alisema tu kama mke anavyomweleza mume mambo ya siku. Baba hakukaa hata kunywa maji. Alichukua fimbo yake ukutani, akaelekea kwenye minyaa, na sisi tukamfuata nyuma.

Baba mdogo alikuwa anapalilia. Alitabasamu alipomwona kaka yake, kisha akaona fimbo.

"Ndama wako wamemaliza maharage yangu," baba alisema.

"Ndama wangu wamefungwa tangu asubuhi. Njoo uwaone."

"Umewafunga sasa hivi. Mtoto amewaona."

Baba mdogo akaniangalia juu ya bega la baba. Nilijificha nyuma ya kanga ya mama. Nakumbuka rangi ya kanga ile, na nakumbuka kwamba nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi ndefu, kwa sababu waligombana muda, wakataja chemchemi, wakamtaja na babu ambaye alikuwa ameshafariki. Kisha baba aliinua fimbo na kupiga mara moja tu. Baba mdogo hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa kiti, na mkono wake ukaziba upande mmoja wa uso. Aliyepiga kelele ni mama mdogo, mkewe, aliyekuwa anakuja na maji ya kunywa.

Walimpeleka hospitali ya Haydom kwa gari la mfanyabiashara wa viazi. Alikaa huko wiki kadhaa. Aliporudi alishuka kwenye basi amevaa koti jipya, na jicho la kushoto lilikuwa limefungwa, kope limelala juu ya shimo kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Madaktari walikuwa wamefanya waliloweza. Hakutaka habari za polisi. Wazee wa ukoo walipoamua baba ampe mtamba, alisema, "Mwambieni abaki na mtamba wake," akaingia ndani.

Baba aliacha pombe siku ile ile ya fimbo, na hilo lilituogopesha zaidi, kwa kuwa hatukujua ataamka vipi kesho yake. Kanisani alitengwa. Kwa miezi mingi alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, pamoja na wengine waliokuwa chini ya marudi, yaani adhabu ya kanisa, na watu walipokwenda kwenye meza ya Bwana yeye alibaki anaangalia kofia yake magotini. Mimi nilikaa mbele na watoto wa shule ya Jumapili. Kila nikigeuka kumwangalia, mwalimu alinigeuza kichwa kwa vidole viwili.

Hatimaye ikafika Jumapili ya kumrudisha kundini. Alisimama mbele na shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa, akakiri mbele ya ushirika wote kwamba alimpiga ndugu yake akiwa amelewa. Mwinjilisti Naftali, ambaye ndiye aliyekuwa anatulea kiroho pale mtaani, aliweka mikono juu ya kichwa chake akatangaza kwamba dhambi ile imefutwa, haipo tena, Mungu mwenyewe haikumbuki. Kwaya ikaimba. Watu wakatoka kwenye mabenchi kwenda kumshika mkono, na katikati yao akatoka baba mdogo. Watu wakampisha njia. Alitembea mpaka mbele, akampa kaka yake mkono.

Kila mtu aliangalia mikono ile. Mimi niliangalia jicho.

Msinicheke. Nilikuwa nimeambiwa imefutwa, na mimi nilijua kufuta ni nini. Ubaoni mwalimu akifuta hesabu, hesabu haipo. Kwa hiyo nilitegemea kope lile liinuke, na chini yake nione jicho lile la zamani likicheka. Halikuinuka. Nikajiambia labda inachukua muda, kama mahindi.

Jumatatu kabla ya shule nilipita kwa baba mdogo kuomba moto. Jumanne nilirudisha ungo ambao hatukuwa tumeazima. Jumatano nilikwenda kuuliza kama wana chumvi, na tulikuwa na chumvi. Mama mdogo alisema, "Huyu mtoto ana nini na sisi wiki hii?" Baba mdogo aliniangalia na jicho lake la kulia, na mimi nikaliangalia la kushoto. Lilikuwa vile vile.

Jumapili iliyofuata nikainua mkono kwenye shule ya Jumapili.

"Mwinjilisti, dhambi ikishafutwa, jicho linarudi lini?"

Watoto walicheka. Mwinjilisti Naftali hakucheka. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye baiskeli yenye kengele kubwa, na nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza swali lile hata chuoni. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Paulina," alisema, "mtu akichoma msitu pale mlimani, kisha akajuta na kutubu, Mungu anamsamehe siku hiyo hiyo. Hatamhukumu tena. Lakini miti iliyoungua imeungua. Atapita pale miaka yote ataona weusi. Dhambi imesamehewa, matokeo yamebaki. Unaelewa?"

Nilisema nimeelewa. Sikuelewa. Kama Mungu haikumbuki, kwa nini aache weusi mlima mzima uikumbushe? Nadhani mwinjilisti aliona usoni kwangu kwamba jibu halikutosha, akaongeza jingine. "Na mara nyingine," alisema, "jambo haliponi kwa sababu ipo dhambi nyingine imefichwa, mtu hajaisema."

Majibu hayo mawili hayakufanana. Leo ningemwambia hivyo kwa heshima. Siku ile nilitupa la kwanza nikachukua la pili, na nikalibeba mpaka nyumbani kama kaa la moto mkononi. Dhambi iliyofichwa niliijua. Ilikuwa na maneno manne. Baba alikuwa ametubu sehemu yake, lakini sehemu yangu ilikuwa bado imeziba njia, na jicho la baba mdogo lilikuwa linasubiri upande wa pili.

Ilinichukua siku nne kupata ujasiri. Tulikuwa tumefundishwa kwamba ukimkosea mtu uende kwake yeye mwenyewe. Alhamisi baada ya shule nilivuka minyaa. Baba mdogo alikuwa uani anatia mpini kwenye jembe. Alikuwa akipiga na shoka, na mara moja katika tatu alikosa, shoka likaangukia hewani kando ya mpini, naye akatulia kidogo, akalenga upya.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba."

"Baba mdogo, wale hawakuwa ndama wako. Walikuwa wetu. Nilikuwa nacheza."

Aliweka shoka chini. Mimi nikakaza macho kwenye kope lake la kushoto.

"Baba yako ndiye aliyekufundisha useme ni wangu?"

"Hapana. Baba alikuwa kwenye pombe. Nilimwambia mama, mama akamwambia baba."

"Kwa hiyo yeye aliamini."

"Aliamini."

"Aliamini kweli."

"Ndiyo."

Kuku alipita kati yetu. Kisha akaniuliza kwa nini ninamwambia leo, na nikamjibu kama ilivyokuwa moyoni mwangu: "Ili jicho lirudi."

Akatoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au ni kitu gani. Mabega yalitikisika. Na hapo nikaona, nawaambia kweli, nikaona kope la kushoto linalowa, maji yanatoka chini yake yanashuka shavuni sawasawa na ya jicho zima. Moyo ulinipasuka kwa furaha.

"Baba mdogo! Linatoa maji! Linaanza!"

"Nenda nyumbani, Paulina," alisema.

Nilikwenda mbio. Nilingoja. Mwinjilisti alikuwa ametuambia kwamba mtu akitubu anakuwa mwepesi, anaweza hata kuruka. Mimi nilikuwa mzito kama nimemeza jiwe la kusagia. Kesho yake nilikutana na baba mdogo njiani, nikampa shikamoo. Akapita.

Asiyekulia kwetu huenda asijue uzito wa jambo hilo. Shikamoo haiachwi hewani. Hata adui yako, hata mlevi aliyelala njiani, mtoto akisema shikamoo ataitikia. Nilidhani hakusikia. Jioni nikasema tena kwa sauti kubwa, akapita. Wiki tatu nilisalimia na wiki tatu hakuitikia, na nilikuwa sina wa kumuuliza, kwa sababu nikiuliza ningelazimika kueleza. Nilikuwa na hakika kwamba nimekosea namna ya kutubu. Labda kulikuwa na maneno maalumu. Kabla ya kutubu baba mdogo alikuwa hana jicho lakini alikuwa na mimi. Sasa hakuwa na jicho, na mimi sikuwa na baba mdogo, na yote yalitokana na kutii.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yamekaa ajabu. Baba alimlimia mdogo wake shamba kwa maksai wetu kabla hajalima letu, bila kuombwa, naye baba mdogo alimwacha alime. Lakini hawakula pamoja. Aliyepeleka maksai alirudi na maksai, basi. Na siku moja tukiwa tunakula, baba akasema, kama anajisemea, "Nilikosea kumpiga. Nimeungama, na nitajuta mpaka kufa. Lakini wale ndama walikula maharage yangu, na hilo naye alipaswa kulisema tu." Mama aliinama kwenye sahani. Niliona kwamba sasa natakiwa kumwambia baba pia, na niliogopa kuliko siku ile ya kwanza.

Baba mdogo alinikuta chemchemini nikichota maji. Nilitoa shikamoo kwa mazoea tu, bila kutegemea kitu.

"Marahaba," akasema.

Nikamwaga maji.

Alichuchumaa, akanijazia ndoo upya. Alisema polepole, hakuniangalia. "Umemwambia baba yako?"

"Bado. Nataka kumwambia leo."

"Usimwambie."

"Mwinjilisti amesema tuseme kweli."

"Umeshaisema. Umeniambia mimi, mwenye jicho." Akaisogeza ndoo kando. "Baba yako ameacha pombe. Unajua kinachomshikilia? Ni hao ndama. Anajiambia, nilikosa, lakini nilichokozwa. Ukiwaondoa hao ndama anabaki na nini? Anabaki amempofua mdogo wake bure. Hatainuka tena yule. Namjua, nimelala naye kitanda kimoja utoto wetu wote."

Sikuelewa hata nusu yake. Nilielewa "usimwambie," na nikafurahi kwa aibu, kama mtoto aliyeambiwa sindano zimeisha.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, mama alikuwa amepika makande, tunakula nje kwenye jua. Tukasikia hodi upande wa minyaa. Baba mdogo hakuwa amevuka mpaka ule tangu siku ya fimbo. Baba alisimama haraka mpaka kigoda kikaanguka.

"Kaka," baba mdogo alisema, akiwa bado amesimama, "nimekuja kwa ajili ya wale ndama. Kamba ilikuwa mbovu, ikakatika. Nilijua, nikakataa kwa sababu ya hasira. Nisamehe."

Mimi nilikuwa na bakuli mkononi. Nilitazama mdomo wake kuona kama ni yeye kweli anayesema. Alikuwa anasema uongo mchana kweupe, siku ya Bwana, na nguo za kanisani bado ziko mwilini. Uongo wangu wenyewe, ule ule, alikuwa ameuchukua na kuuvaa.

Baba alijifunika uso kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona baba akilia kabla ya hapo wala baadaye. "Nilikuwa nangoja neno hilo tu," alisema. "Hilo tu, Safari." Wakashikana, si kama kule kanisani. Wakashikana mpaka kofia ya baba ikaanguka, na mama akawa anacheka na kulia huku anatafuta sahani nyingine. Walikula makande sahani moja. Katikati ya kula baba mdogo aliinua uso akanitazama mara moja na jicho lake moja, kisha akaendelea kula.

Kichwa changu kilivurugika kabisa. Uongo ulikuwa umemtoa baba mdogo jicho, na uongo huo huo ukamrudishia kaka. Kweli niliyoisema ilininyima salamu wiki tatu. Niliwaza kumuuliza mwinjilisti, nikaona nitamwonea tu yule mzee na miwani yake.

Laiti ingeishia kwenye makande. Baba alikua katika imani, akachaguliwa mzee wa kanisa, na kila palipokuwa na nafasi ya ushuhuda alisimulia habari yake. Hakujificha. Alitaja pombe, alitaja fimbo. Halafu, kwa upendo kabisa, aliongeza: "Na Mungu alimgusa hata ndugu yangu, akaja kukiri kosa lake la ndama." Watu walisema amina. Baba mdogo alikuwa kwenye benchi lake anaangalia sakafu. Wanawake kisimani wakasema huyo Safari naye mgumu, mwaka mzima kukubali ndama tu. Ilipotafutwa kamati ya mipaka ya mashamba jina lake lilitajwa, na mtu mmoja akauliza, kwa utani, kama asiyeweza kufunga ndama wake ataweza kulinda mipaka ya wengine. Walicheka, wakachagua mwingine. Mimi nilikuwa kidato cha pili wakati huo. Nilisikia habari hiyo nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa huko mpaka nilipoitwa. Miti iliyoungua ilikuwa inaendelea kuungua, na aliyekuwa anapita kwenye weusi hakuwa mimi.

Mara mbili nilimwomba ruhusa ya kusema. Mara mbili alisema, "Baba yako yuko hai."

Baba alifariki miaka michache iliyopita, kwa ugonjwa, akiwa na amani. Kwenye mazishi historia yake ilisomwa, na ndama wakasomwa nao. Niliombwa kuongea kwa niaba ya watoto. Nilisimama mbele ya watu wale wote, baba mdogo yuko mstari wa kwanza na fimbo ya uzee, na maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nilishukuru waliokuja, nikashukuru kwaya, nikakaa. Mpaka leo sijui kama kunyamaza kule kulikuwa utii au dhambi nyingine juu ya ile ya kwanza.

Baada ya siku za matanga nilimfuata kwake. Nilimwambia kwamba sasa aliyetakiwa kulindwa hayupo. Alisema niandike nikitaka, yeye kusoma kwa jicho moja kunamchosha. Kisha nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kumuuliza, kwa nini alilia siku ile ya mpini wa jembe. Nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba alilia kwa sababu ya jicho.

"Jicho nilikuwa nimeshalizoea," alisema. "Mimi nilijua ndama wangu wamefungwa. Nilidhani na yeye anajua. Nilidhani amekufundisha wewe maneno, apate sababu ya kunipiga kwa ajili ya chemchemi. Mwaka mzima niliishi jirani na mtu niliyedhani alitaka kuniua. Siku ile ndipo nilijua kwamba aliamini. Alikuwa mlevi na mjinga, lakini alikuwa bado kaka yangu."

"Na zile wiki tatu?"

"Hizo zilikuwa zako," alisema. "Nilikuwa na hasira na wewe sana. Wewe mtoto niliyekuwa nakupenda. Bado ninayo, nisikudanganye. Asubuhi nikimimina chai ikamwagika mezani nje ya kikombe, hasira inakuja. Nafuta meza, inapita."

Nilikuwa nimeishi zaidi ya miaka ishirini nikidhani kwamba nilisamehewa siku ya makande. Sasa nilikuwa nasikia kwamba mtu huyu alikuwa ameifanya kazi hiyo kila asubuhi, peke yake, bila kwaya wala mikono ya mwinjilisti, na kwamba kesho ataianza tena. Niliwahi kudhani msamaha na matokeo ya dhambi ni vitu viwili, kimoja kinaondoka na kingine kinabaki. Kwa mzee huyu vilikuwa vinakaa meza moja.

"Kwa hiyo umenisamehe, baba mdogo?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa utani, lakini hakutania.

"Leo, ndiyo," alisema.